Nguo za Fildi Kutoka Mwanga: Tathmini ya Fundi Mmoja Baada ya Wiki Tatu Dodoma

Kibanda ninachokitathmini hapa kiko Mwanga, Kigoma, barazani mwa duka la vifaa vya ujenzi, kando ya barabara inayotoka Kigoma mjini kwenda Ujiji. Hakina bango wala jina. Kina cherehani mbili za miguu, meza ya kukatia vitambaa ambayo kona yake moja imeungua kwa pasi ya mkaa, kioo kirefu chenye ufa, na benchi ambalo wateja hukalia wakisubiri nguo walizoahidiwa kuzikuta tayari. Mwenye kibanda ni mzee wa Ujiji ambaye sitamtaja jina, kwa sababu baadhi ya nitakayoyaeleza hayatamfurahisha, na yeye ni mtu wa umri wa babu yangu.

Mimi ni mwanafunzi wa utunzaji wa kumbukumbu katika chuo kimoja cha Tabora, nyumbani kwetu ni Ujiji, na mwezi Juni nilipokea barua ya kukubaliwa kufanya mafunzo kwa vitendo, ambayo sisi wenyewe huyaita fildi, katika masjala ya wizara moja jijini Dodoma. Barua yenyewe ilikuwa fupi, lakini mstari mmoja ulinitaka nifike nikiwa na mavazi nadhifu yanayokubalika katika utumishi wa umma, na mstari huo ndio ulionipeleka Mwanga, kwa kuwa kabatini mwangu kulikuwa na jinzi mbili, fulana nyingi na kadeti moja iliyopauka magotini. Mama alitaka ninunue suti iliyo tayari dukani, kaka alisema mitumba inatosha, na baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akitoa sehemu kubwa ya fedha, akasema hanunui koti la kuning'inizwa wakati fundi yupo. Neno la mwenye fedha ndilo lililopita.

Niliagiza suruali mbili, moja nyeusi na nyingine ya kijivu, mashati matatu ambayo kati yake moja ni la kitenge, na koti la kijivu linalokwenda na suruali ya pili. Vitambaa nilinunua mwenyewe madukani hapo hapo Mwanga, kwa kuwa fundi huyu hauzi kitambaa na hapendi kusingiziwa kwamba amepunja. Ufundi wa suruali ulikuwa shilingi 15,000 kwa kila moja, wa shati 12,000 na wa koti 55,000, jumla yake 121,000. Vitambaa, bitana, vifungo na zipu vilikula 134,000 nyingine. Si bei ya chini. Kwa shilingi 255,000 mtu angeweza kununua mitumba ya kumtosha hadi ahitimu, na jambo hilo nitalirudia, kwa kuwa mwenzangu wa chumba alifuata njia nyingine na nimeona ilikomfikisha.

Upimaji wake ndio jambo la kwanza ninalolisifu. Vipimo haviandiki kwenye kiganja wala kwenye kipande cha boksi, bali katika daftari gumu la kaunta ambamo kila mteja ana ukurasa wake. Nilipochungulia niliuona ukurasa wa baba mdogo, kiuno kikiwa kimefutwa na kuandikwa upya mara tatu. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizwa hali ya watu wa nyumbani mmoja mmoja, niliulizwa swali moja tu: "Unakwenda wapi, mjukuu wangu?" Nilipomjibu kwamba nakwenda Dodoma, alikirudisha mikononi mwangu kitambaa chepesi nilichokuwa nimekinunua kwa ajili ya koti na kuniagiza nikabadilishe nilete kizito.

Alinieleza, huku akiendelea kunizungushia tepu kifuani, kwamba kwa miaka mingi vijana waliokwenda fildi wizarani walikwenda Dar es Salaam, kwa sababu uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulipitishwa mwaka 1973 lakini ofisi zenyewe zilibaki pwani, na yeye alikuwa akiwashonea nguo za jasho: kitambaa laini, koti lisilo na bitana mgongoni, shati lenye nafasi kwapani. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwelikweli mwaka 2016, wateja wake wa fildi wanashukia njiani, na yeye amebadilisha ukataji wake. "Dar ni jasho. Dodoma ni upepo na vumbi," aliniambia, akaandika neno "bitana" katika ukurasa wangu na kulipigia mstari chini yake.

Tulikorofishana kidogo kuhusu upana wa suruali. Nilitaka modo, yaani suruali inayobana kuanzia pajani hadi kwenye kifundo cha mguu, kama wanavyovaa vijana wote ninaosoma nao. Mzee alipitisha vidole viwili kati ya tepu na paja langu, akavibakiza pale pale, akasoma namba. Nikamwambia kwamba vidole hivyo vinaongeza kipimo. Akajibu kwamba anajua. "Modo ni ya jioni, mjukuu wangu," alisema, na alivyokwisha kusema hivyo hapakuwa na mjadala tena, ingawa nililipa mimi na ningestahili kusikilizwa. Mteja asiyependa kufundishwa namna ya kuvaa asiende kwa fundi huyu.

Sasa nije kwenye kasoro yake kubwa, ambayo kila aliyewahi kukaa kwenye lile benchi anaijua. Nilipeleka vitambaa siku ya Jumatatu na kuahidiwa nguo zote Alhamisi. Alhamisi nilikuta suruali moja imekatwa na haijaunganishwa, na koti bado ni kitambaa kilichokunjwa na kubanwa kwa pini. Niliambiwa Jumamosi. Jumamosi kulikuwa na sare za harusi za watu kumi na wawili, na nikaambiwa Alhamisi tena. Visingizio vyake havikuwa vya umeme, maana cherehani zake ni za miguu na pasi yake ni ya mkaa. Yeye husema tu, kwa utulivu mkubwa, kwamba nguo haijaiva. Siku ya safari nilikwenda moja kwa moja kibandani nikiwa na begi, nikaketi kwenye benchi, na shati la mwisho likawa linawekwa vifungo mbele ya macho yangu huku kijana wake akilipiga koti pasi. Ulipofika wakati wa kuondoka, kifungo cha chini kabisa kilikuwa hakijashonwa. Mzee alinifungia katika kipande cha gazeti sindano moja, uzi mweupe, kifungo chenyewe na vifungo viwili vya akiba, akasema: "Utamalizia njiani."

Nilimalizia njiani, baada ya kuipita Uvinza, katika behewa la kulala, nikichoma kidole mara mbili kwa sababu ya myumbo wa treni. Mama mmoja tuliyekuwa naye chumba kimoja, aliyekuwa akipeleka dumu la mawese kwa binti yake Manyoni, alinitazama kwa muda, kisha akaninyang'anya lile shati kwa upole na kuniambia kwamba mwanaume hashoni kifungo kama anayefunga mzigo. Alinionyesha kile fundi alichokifanya kwenye vifungo vingine: uzi haukushindiliwa hadi kwenye kitambaa, bali ulikuwa umeachwa ulegee kidogo, kisha ukazungushwa chini ya kifungo mara nne au tano ili kiwe na shingo. Kifungo chenye shingo hakivuti kitambaa na hakikatiki upesi. Katika wiki tatu sijapoteza hata kimoja, na kile cha yule mama nacho bado kipo.

Kuhusu safari yenyewe nitasema machache. Koti lilitundikwa kwenye kulabu kutoka Kigoma, tukaipita Kaliua, tukaipita Tabora ambako njia ya Mwanza hujitenga na ya Kigoma, hadi nikashuka Dodoma, na lilipovaliwa kesho yake halikuhitaji pasi. Suruali zilikuwa zimekunjwa begini. Alama za mkunjo zilitoka kwa kuzitundika bafuni usiku mmoja. Hiyo ni sifa ya kitambaa kizito alichonilazimisha kununua, na ninampa haki yake.

Nilipanga chumba Ihumwa na mwanafunzi mwenzangu kutoka Mbeya, kwa kuwa wizara yetu iko katika Mji wa Serikali wa Mtumba, kilomita kama 17 kutoka katikati ya jiji, na mtu akiishi mjini hutumia muda na nauli nyingi kwenye daladala. Asubuhi ya kwanza tulitoka kabla ya saa moja. Mimi nimekulia kando ya Ziwa Tanganyika, ambako ziwa huufanya usiku uwe wa uvuguvugu, na nilikuwa nimeamini kwamba Dodoma, kwa kuwa ni nchi kavu, ni lazima iwe ya joto. Mwezi Julai si hivyo. Jiji liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, asubuhi yake ni ya baridi, na upepo unaovuma kituoni hauna kitu cha kuuzuia. Hapo ndipo nilipolielewa lile neno lililopigiwa mstari. Bitana ilikuwa imeshonwa mgongo mzima hadi kwenye pindo, na mikononi pia, na kola ilikuwa na kimo cha kutosha kuinuliwa ikafunika shingo. Nilikuwa nimeliagiza koti kwa ajili ya kuonekana mtu wa wizara. Kwa siku zote kumi na tano za kazi nimelivaa kwa ajili ya baridi, na hulivua ifikapo saa nne, jua linapokuwa kali.

Mlangoni mwa jengo letu kuna bango lenye picha za mavazi yasiyoruhusiwa, la aina ile inayoonekana katika ofisi nyingi za umma, kufuatana na waraka wa Serikali wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi. Kuna picha ya jinzi, ya kaptula, ya fulana yenye maandishi, ya sketi fupi, ya nguo inayoonyesha mwili, na ya suruali inayobana. Mlinzi, dada mmoja mwenye sauti ya chini sana, hakuwa na maneno mengi: alilitazama bango, akamtazama mtu, akalitazama bango tena. Tulikuwa wanafunzi sita wa fildi asubuhi hiyo. Mmoja wetu, kijana aliyevaa suruali nzuri ya bluu iliyomkaa kama soksi, aliombwa arudi alikotoka akabadilishe, na alipoteza siku yake ya kwanza kwenye daladala. Nilipita nikiwa na vidole viwili vya mzee pajani mwangu. Sitaki kumfanya fundi kuwa mtabiri. Yeye hapendi modo hata kwa anayekwenda disko, na siku hiyo upendeleo wake na waraka wa Serikali vilikubaliana tu.

Ili nieleze mahali ambapo nguo hizi zilishindwa, ni lazima kwanza nieleze kazi. Watu wengi hudhani mtu wa masjala anakaa mezani akipiga mihuri. Katika wiki hizi tatu nimekaa kidogo sana. Barua zinaingia, zinasajiliwa, zinatafutiwa jalada lake, zinatobolewa na kufungwa ndani, kila moja inapewa namba ya folio, yaani namba ya mfuatano wake ndani ya jalada, kwa kalamu nyekundu katika kona ya juu, kisha jalada linapelekwa kwa afisa husika na kuandikwa limekwenda kwa nani na lini. Majalada yenyewe yamepangwa kwenye rafu za chuma zinazoanzia karibu na sakafu hadi juu ya kichwa changu. Kijana wa fildi ndiye mwenye magoti mapya, kwa hiyo rafu za chini ni zake. Na kwa kuwa mimi ni mrefu, rafu za juu nazo zikawa zangu. Kwa siku moja huinama, huchuchumaa, hupiga magoti na kunyoosha mikono juu mara nyingi kuliko muumini yeyote.

Mashati hayakuwa yameshonwa kwa ajili ya kazi hiyo. Yalikuwa mazuri kwa mtu aliyesimama wima mbele ya kioo chenye ufa, mabega yamekaa mahali pake, kola imelala, mikono imeishia panapostahili. Lakini mkia wa shati ulikatwa mfupi. Nilipounyoosha mkono kulifikia jalada la kwanza la rafu ya juu, shati lote lilichomoka kiunoni mbele ya Mkuu wa Masjala, mama mmoja mtaratibu ambaye anawaita wanafunzi wote wa fildi "mwanangu". "Mwanangu, chomekea," aliniambia. Nilichomekea. Jalada la pili likatoka na shati tena. Kufikia mchana nilikuwa nimeambiwa nichomekee mara tano, na dada wa meza ya barua zinazoingia alikuwa tayari amenipa jina la Chomekea, ambalo ninalo hadi leo. Nilipima usiku ule kwa kutumia shati la mwenzangu: la kwangu lilipungua kwa zaidi ya upana wa kiganja. Kitambaa kilikuwa cha kutosha, kwa maana nilirudishiwa mabaki ambayo mama ameyafanya foronya.

Mfuko wa kifuani nao una kasoro. Ni mdogo na hauna kina, umewekwa kama pambo la kitambaa cha mkononi. Kalamu ikitiwa humo husimama nusu nje, na mtu akiinama kwenye rafu ya chini hudondoka. Siku ya tatu nilikuwa na kalamu nyekundu ya folio mfukoni, bila kifuniko. Haikudondoka, ililala ubavu ndani ya mfuko, ikaendelea kuandika peke yake kwenye shati jeupe kwa muda ambao siujui. Nusu ya kosa ni langu, kwa kuwa mtu mwenye akili hurudisha kifuniko. Nusu nyingine ni ya mfuko.

Suruali ndizo kazi bora kabisa ya mzee huyu, na hapa ningependa msomaji anivumilie niingie ndani yake, maana ubora wake hauonekani kwa nje. Ukizigeuza, utakuta bitana laini iliyoshikizwa kuanzia kiunoni hadi chini kidogo ya magoti, upande wa mbele tu. Sikuiagiza na sikuitozwa. Niliiona kwa mara ya kwanza siku ya nne, nilipokuwa nikifua, na ndipo nikaelewa kwa nini suruali ya mwenzangu ilikuwa tayari imefura magotini kama mifuko miwili ilhali ya kwangu, iliyopiga magoti mengi kuliko ya kwake, ilikuwa bado imenyooka: goti linapokunjwa husukuma bitana, na kitambaa cha juu huteleza badala ya kuvutwa. Kingo zote zimepigwa ovaloki. Pindo la chini limeshonwa kwa mkono, na uzi umeficha uso kiasi kwamba kwa nje huoni kitu. Chini ya matako, mahali suruali nyingi huachana na mwenye nazo siku asiyoitarajia, mshono umepitiwa mara mbili. Nimechuchumaa wiki tatu na sijasikia sauti yoyote ya kutisha.

Mashati mawili ya pamba yaliniletea tatizo lingine. Maji ya bomba tunayotumia pale tulipopanga ni ya kisima na yana chumvi. Sabuni hukataa kutoa povu, na mtu huongeza sabuni hadi mikono ikakauka. Baada ya kufuliwa mara mbili, mashati yalirudi. Mikono ilipanda juu ya kifundo cha mkono na kiuno kikabana. Sitayalaumu maji peke yake, kwa kuwa pamba mpya hurudi hata kwenye maji ya ziwa, na fundi anayeijua pamba hukiloweka kitambaa na kukianika kabla ya kukigusa kwa mkasi. Wangu hakuloweka. Ninajua kwamba hakuloweka kwa sababu nilikipeleka kitambaa Jumatatu na Alhamisi nilikikuta kimekunjwa vile vile, na kibandiko cha duka bado kikiwa kimeshikamana.

Niliyapeleka kwa fundi mmoja wa Ihumwa, mama anayeshonea nje ya nyumba yake, nikiwa nimejiandaa kuambiwa hayafai tena. Aliligeuza shati nje ndani, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa ubavuni, akanyamaza, akaligeuza la pili. Kisha akaniuliza limeshonwa wapi. Nilipomjibu Kigoma, akasema fundi wa siku hizi haachi akiba ya namna hii, kwa sababu kitambaa anakitaka mwenyewe. Ndani ya kila mshono wa ubavu kulikuwa na akiba ya karibu vidole viwili, na mikononi pindo lilikuwa limekunjwa mara mbili kwa upana. Aliyafumua, akayaachia, akayashona upya kwa shilingi 4,000 yote mawili, na mashati yakanikaa kuliko yalivyonikaa mwanzo. Mkia tu ndio hakuweza kuurefusha, na bado ninaitwa Chomekea.

Shati la kitenge sina la kulilaumu. Nililivaa Ijumaa ya kwanza, michoro ya mbele ilikutana kwenye mstari wa vifungo bila kukatika hata ua moja, na watu wawili wa ofisini waliuliza bei. Linakaa nje ya suruali, kwa hiyo suala la mkia halikujitokeza.

Mwenzangu wa chumba alinunua suti iliyo tayari katika duka moja la mjini siku mbili kabla ya kuripoti, kwa shilingi 180,000, pamoja na mashati mawili ya mtumba. Kwa mashati ya mtumba alipata kuliko mimi: yana mkia mrefu, yamekwisha kurudi huko yalikotoka, na kwa shilingi 5,000 kila moja hana sababu ya kulia likimwagikiwa wino. Kwa suti hakupata. Ilikuwa nzuri hadi ilipofuliwa. Kisha gundi iliyoshikiza kitambaa cha ndani kifuani iliachia, na kifua cha koti kikatoa malengelenge ambayo pasi huyatuliza kwa saa moja tu. Pasi yenyewe tunashirikiana, kwa hiyo nayasikia malalamiko yake kila asubuhi. Kama ningeanza upya na fedha ile ile, ningemshonesha mzee suruali na koti na shati la kitenge, na mashati meupe ningeyatafuta kwenye mitumba.

Anayetaka kumjaribu na ana fildi mwezi Julai ampelekee vitambaa mwanzoni mwa Juni, na siku anayoahidiwa aihesabu kuwa siku ya kwenda kujua kazi imeanza au bado. Pamba ailoweke mwenyewe nyumbani, aianike na kuipiga pasi kabla ya kuipeleka. Mfuko wa shati auombe uwe na kina cha kalamu nzima. Asibishane kuhusu modo, atashindwa. Na amweleze mzee, bila kungoja kuulizwa, mwili wake utafanya nini ndani ya nguo hizo kuanzia asubuhi hadi jioni.

Hilo la mwisho nimelijua Jumapili iliyopita, nilipompigia simu kuagiza suruali ya tatu na shati moja jipya, ambavyo baba mdogo atanitumia kwa mtu anayekuja na treni. Vipimo anavyo kwenye daftari. Nilimshukuru kwanza kwa bitana ya magotini, kisha nikamweleza kwa adabu kuhusu mkia wa shati, rafu za juu na jina nililopewa. Alicheka hadi akakohoa. "Mjukuu wangu, ulisema unakwenda wizarani," alisema. "Mimi nilijua mtu wa wizarani anakaa." Nikamsikia akimwagiza kijana wake alete daftari, na kalamu ikikwaruza karatasi, na kijana akiulizwa kiganja kimoja ni inchi ngapi. Nilipomuuliza itakuwa tayari lini, alijibu Alhamisi. Nilimuuliza Alhamisi ipi, naye akaniambia nimsalimie sana mwenzangu wa chumba.